Mizani ya Pongwe

Semkiwa, uliniuliza kwenye simu, salio likakata:
kile kitabu cha katuni za wakubwa,
mambo ya sayari na mazimwi,
kinastahili elfu sita za yule mwuza vitabu vya mtumba
wa Barabara ya Nane, Ngamiani?
Nimekionja. Aliniazima kwa rehani ya mwavuli wangu.
Zamu tatu za usiku hapa kwenye mizani ya malori
nimekisoma, nimekivika karatasi ya kaki
kama daftari la darasa la nne,
maana jaladani pana mwanamke aliyevaa upepo
na bei imebandikwa kitovuni.

Nikujibu kama karani:
uzito wa jumla, toa uzito wa gari.

Hadithi kumi na moja, kila moja na mkono wake.
Ya kwanza iruke. Mapanga, majoka,
damu imemwagwa kwa ndoo, na kila anayesema anapiga kelele.
Ya pili ina malkia wa sayari ya barafu
anatembea uchi kwenye theluji, hapigi hata chafya.
Aliyemchora hajawahi kumwona mwanamke
akipapasa kanga gizani asubuhi ya kipupwe.
Sikuona haya, Semkiwa. Niliona usingizi.
Ya tatu imenyofolewa kurasa;
aliyekuwa nacho kabla yetu alijua alichokuwa anatafuta.
Ya nne, wanaume wawili wanabishana juu ya wakati
kurasa ishirini nzima, na wakati unawashinda.
Hapo nililala kweli.
Dereva wa fuso aliniamsha kwa honi na tusi.

Ungeniuliza usiku ule ningekwambia
nunua machungwa ya Muheza, ule, ubaki na chenji.

Lakini ipo ya saba.
Haina neno hata moja.
Fundi mmoja wa kike, mnene, miwani imefungwa kwa uzi,
yuko peke yake kwenye stesheni ya treni juu ya mwezi.
Anafagia vumbi relini. Treni haiji.
Anafagia tena.
Wino wake una rangi ya chai ya jana.
Ukurasa wa sita anapiga magoti,
analaza kiganja juu ya chuma, anasikiliza kwa mkono.
Ukurasa wa nane kisanduku ni cheupe.
Cheupe tu. Hakuna treni, hakuna fundi.
Nilikitazama mpaka nzi akaimaliza sukari ya andazi langu.

Baba alikuwa fundi wa reli, unajua.
Miaka ile njia yetu ilipolala, majani yakaota kati ya mataruma,
aliendelea kwenda stesheni na kopo lake la grisi.
Nyumbani tulimcheka.
Mimi nilicheka kuwazidi wote.

Wifi yangu Mwanaidi alikiona mkobani, akashika kiuno:
Mtu wa kupata wajukuu, unasoma vikaragosi!
Sikumjibu; jibu lake refu.
Ila wewe nikwambie, waliobandika "kwa watu wazima"
wamebandika pasipo.
Utu uzima hauko kwenye kifua cha malkia.
Uko kwenye kile kisanduku kitupu
ambacho mtoto angekipita mbio.

Ya nane na ya tisa, vumbi. Ya kumi nzuri nusu.
Ya mwisho sijaielewa, na haijaniachia;
ihesabu upande unaotaka.

Elfu sita ni nyingi. Mpe nne,
akikataa jifanye unaondoka,
akinyamaza rudi mwenyewe, umpe tano,
na unikombolee mwavuli.

Jambo moja tu halimo kwenye hesabu.
Jana saa tisa usiku, lori la chokaa lilipanda mizani,
tairi kumi zote, injini inanguruma,
na kioo kikaandika sifuri.
Kinafanya hivyo. Huwa nakipiga kofi, kinazinduka.
Jana mkono ulishapanda,
ukakaa hewani kidogo.
Dereva akachungulia dirishani: Mama, vipi?
Nikamwambia, Subiri.

Kisha nikakipiga.